Jina langu limefanana na la mtu anayetafutwa

*Nauza vitunguu, navuka kutoka Tororo kupitia Busia. Juzi afisa alinizuia muda mrefu, akisema jina langu limo kwenye orodha ya watu wanaotafutwa. Nani mwingine anaona habari zangu?*
*Mama Vitunguu, Tororo*

Mama, ulichokiogopa kinatokea. Kituo cha mpakani cha Busia, kilichozinduliwa rasmi 2018, ni cha pamoja: maafisa wa Kenya na Uganda hufanya kazi bega kwa bega. Jina likifanana bila kulinganishwa tarehe ya kuzaliwa na namba ya kitambulisho, asiye na hatia husumbuliwa. Ukizuiwa tena, omba kwa upole walinganishe hivyo viwili. Andika tarehe, saa na dirisha ulilohudumiwa.

Nchi zote mbili zina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019. Unaweza kuomba kwa maandishi kuona kilichohifadhiwa juu yako na kuomba kirekebishwe. Usalama wa taifa una msamaha, kwa hiyo huenda usionyeshwe kila kitu. Kwangu mlango huo ni mpana mno, lakini usikuzuie kuomba.

Maafisa uliowaomba wakikaa kimya, lalamika: Uganda kwa Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi, iliyo chini ya NITA-U, mamlaka ya serikali ya teknolojia ya habari; Kenya kwa Kamishna wa Data, anayetakiwa kumaliza uchunguzi ndani ya siku 90.

Ukikamatwa, tafuta wakili mara moja. Katiba za nchi hizo zinataka ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24 Kenya, 48 Uganda.