Somo kwa bamama: Dawa ya baridi kali

Leo tunajifunza juu ya magonjwa mawili ya ngozi ambayo munganga anaweza kuyaponyesha kwa baridi kali. Moja linaweza kungoja. Lingine halingoji.

1. CHUNJUA
Chunjua ni kinundu kigumu kinachoota kwenye vidole, magoti ao chini ya mguu. Kinaletwa na virusi. Si ulozi, wala si kugusa chura. Kwa watoto wengi kinaisha chenyewe, hata kama kinakawia mwaka moja ao miwili. Hapana kukikata na wembe! Hapana kukichoma na asidi ya batri!

2. NGOZI ILIYOHARIBIWA NA JUA
Ngozi ya mtoto albino haina rangi ya kutosha kumkinga na jua. Kidogo kidogo yanatokea madoa yenye kukwaruza, kwenye uso, masikio, shingo na mikono. Mengine yanaweza kugeuka kansere, hata mtu akiwa kijana bado. Haya ndiyo hayangoji.

3. NAMNA YA KUPONYESHA
Munganga anatumia azoti, hewa iliyogeuzwa kuwa maji, yenye baridi ya digri 196 chini ya sufuri. Anaiweka juu ya doa kwa sekunde chache tu. Inauma sawa kuungua. Kisha lengelenge linaweza kutoka, usilitoboe. Osha na maji safi na sabuni. Kigaga kinaanguka kisha juma moja mpaka matatu. Ngozi nyeusi inaweza kubaki na alama nyeupe. Chunjua mara nyingi inaomba kurudia. Ukiona usaha ao homa, rudi upesi.

Azoti haipatikani kila mahali. Kwa chunjua iko dawa ya kupaka. Lakini mtoto albino mwenye madoa, omba atumwe kwenye hospitali kubwa. Na kidonda kisichopona kisichomwe na baridi tu: munganga akikate kipande na kukipima.

4. KINGA
Mtoto albino avae kofia pana na nguo ya mikono mirefu, hata siku ya mawingu. Tangu saa ine ya asubui mpaka saa tisa akae kivulini. Mwambie mwalimu amuweke mbali na dirisha lenye jua.

MAULIZO
– Sababu gani hatukati chunjua na wembe?
– Lengelenge likitoka, tufanye nini?
– Katika mtaa wako, nani iko na mtoto albino? Mupelekee somo hili leo.