"Fade away": kufifia si kwisha

Nilipokuwa Wasso, wilayani Ngorongoro, kwa mazoezi ya kufundisha, nilipewa Kiingereza cha Kidato cha Pili. Siku ya "phrasal verbs", vile vitenzi vya maneno mawili, niliandika ubaoni: "fade" ni kufifia, "away" ni mbali. Nikaona nimemaliza kazi. Kwenye madaftari nikakuta: "The noise was faded away by the teacher." Kosa lilikuwa langu, maana nilitafsiri neno moja moja.

Kesho yake nikaanza upya. Basi la Arusha likiondoka alfajiri, mnasikia nini? Wakasema: muungurumo, unapungua, unapungua, mwisho kimya. Hapo hapo nikaandika: "The sound of the bus faded away." "Away" hapa haitaji mahali. Inaonyesha kitu kinaendelea kupungua mpaka hakisikiki au hakionekani tena.

Wenzangu wa ualimu, shikeni mambo mawili. Kwanza, kitenzi hiki hakichukui shamirisho. Sauti hufifia yenyewe, kwa hiyo "was faded away" hatusemi. Pili, kina ndugu zake wanaotuchanganya. Moto, upepo au kelele zikitulia, tumia "die down". Nguvu ya dawa au ganzi ikiisha mwilini, "wear off". Lugha au aina ya mnyama ikitoweka kabisa, "die out".

Mfano wa hapo hapo jirani ni Samunge. Mwaka 2011 maelfu ya watu walimiminika kwa Mchungaji Ambilikile Mwasapila, Babu wa Loliondo, kunywa kikombe cha dawa kwa shilingi 500. Foleni ya magari haikuwa mchezo. Baadaye watu wakawa wanapungua kidogo kidogo. "The crowds faded away." Wanafunzi wangu wamesimuliwa habari hiyo na wazazi wao, kwa hiyo sentensi iliwaingia bila tafsiri.

Mwisho nikaomba kila mmoja atunge yake. Binti mmoja akasoma: "My mother tongue is fading away." Kwao ni Kitemi, ambacho wengi hukiita Kisonjo, lakini yeye na wadogo zake wanaongea Kiswahili tu. Kijana wa nyuma akadakia, "Madam, si aseme 'has died out'?" Binti akamjibu kabla yangu: "Hapana. Bibi bado anaongea."

Hakuna kitabu kilichowahi kunieleza tofauti hiyo vizuri hivyo. "Is fading away" maana yake bado ipo, bado inawahika.

Mimi ni Mwiraqw wa Karatu. Jioni ile nilimpigia mama simu nikaanza kuongea Kiiraqw. Sentensi ya tatu nikakwama. Mama akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, mama, naomba uniseme polepole, narudia.