Dada, Tuwafanyie Nini Wazazi Wetu?



Mdogo wetu mmoja wa Ras al Hadd ameandika. Baba yake, mvuvi wa nguru, na mama yake wote wametangulia mbele ya haki. Mama hakujua kusoma, lakini kila jioni alitaka aletewe madaftari, akigeuza ukurasa mmoja mmoja kuhakikisha umeandikwa. Watoto wamerithi nyumba ya kupangisha huko Sur, wanataka kodi yake imlipie ada mwanafunzi wa chuo kwa jina la wazazi wao. Waanzie wapi?

Mpenzi, Mungu akulipeni kheri. Mnachokitaka ni wakfu, na si kigeni kwetu. Humu Oman watu tangu zamani wameweka wakfu mitende na zamu za maji ya falaji, yaani mifereji ya kumwagilia, mapato yakaendesha misikiti na madrasa. Inasimuliwa kuwa Fatma al-Fihri alitumia urithi wa baba yake kuanzisha msikiti wa Qarawiyyin mjini Fez, mwaka 859, nao ukaja kuwa chuo kinachosomesha mpaka leo. Wakristo nao wana utaratibu wao: katika vyuo vya Kilutheri vya Marekani, kama St. Olaf cha Minnesota kilichoanzishwa 1874, mtoto huweka fedha kwa jina la wazazi. Mtaji hauguswi, faida ndiyo inayolipa ada.

Nia njema mnayo. Sasa shikeni utaratibu, maana hapo ndipo wengi wanapokwama.

Kwanza, lipeni madeni ya marehemu. Msitangulize sadaka huku kuna mtu anawadai wazazi wenu.

Pili, nyumba ni ya warithi wote. Hata kaka mkubwa hana ruhusa ya kutoa fungu la mwenzake, na wasia wenyewe haupiti thuluthi. Kaeni pamoja, kila mmoja aseme kwa ridhaa yake. Asiyetaka apewe haki yake na asinuniwe. Pengine ana watoto wadogo, pengine ana mkopo. Wazazi hawakukuleeni ili jina lao likugombanisheni.

Tatu, andikisheni. Nendeni Wizara ya Awqaf na Mambo ya Dini. Mwenye mali Unguja au Pemba aende Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Mtajeni msimamizi, na atakayeshika baada yake. Andikeni wazi nani anastahiki: yatima anayesoma Chuo Kikuu cha A'Sharqiyah pale Ibra? Binti wa ukoo aliyeko SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar? Mkiliacha hili hewani, wajukuu ndio watakaogombana.

Nne, pigeni hesabu ya kweli. Tuseme kodi ni riali 150 kwa mwezi, yaani 1,800 kwa mwaka. Wekeni kando 360 za matengenezo, maana hewa ya chumvi ya Sur inakula madirisha na mabomba, na kuna miezi mpangaji hayupo. Zinabaki 1,440. Kama zinamtosha mwanafunzi mmoja, chukueni mmoja mumfikishe mwisho. Kuwaahidi watatu kisha kuwaacha mwaka wa pili ni kuwaumiza.

Tano, mhifadhini mtoto wa watu. Msimpige picha akipokea, msimwite kwenye hitima asimame ashukuru. Mama aliyekagua daftari alitaka kazi ifanyike vizuri. Nanyi mwombeni mwanafunzi matokeo yake kila muhula, inatosha.

Na nyinyi ambao wazazi wenu wako hai, msingoje msiba. Waulizeni leo: wangependa mtoto gani asomeshwe, na kwa mali ipi? Wakiweka wakfu wenyewe wakiwa na afya zao, watamwona mwanafunzi wa kwanza akihitimu, na nyinyi hamtabaki na la kubishania.