Tiba za Saratani Zinazoamshwa kwa Mwanga au Sauti: Mambo Ambayo Mlaji Anapaswa Kuyafahamu

Neno "nano" limekuwa neno la biashara. Mgonjwa wa saratani, au ndugu anayemuuguza, anapoelezwa kwamba ipo tiba ya nano inayofanya kazi kwa taa au kwa sauti, hana budi kuuliza kwanza anaelezwa kitu gani: tiba iliyokwisha kupewa kibali, utafiti unaoendelea, au bidhaa tu inayotafuta mnunuzi. Mambo hayo matatu hutajwa kwa jina moja, na hasara ya kuyachanganya humwangukia mgonjwa.

Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele wa binadamu una unene wa takriban nanomita 80,000 hadi 100,000, ilhali chembe zinazozungumziwa hapa huwa na upana wa makumi au mamia machache tu ya nanomita. Kwa udogo huo husafiri ndani ya damu, na baadhi yake hukwama katika uvimbe kwa sababu mishipa ya damu ya uvimbe mara nyingi huvuja. Nyingine huishia katika ini na wengu, jambo ambalo wauzaji hawalitaji.

Asili ya fikra hii ni ya zamani kuliko nano. Dawa iitwayo porfimer sodiamu ilipata kibali nchini Kanada mwaka 1993, na Marekani mwaka 1995 kwa wagonjwa wa saratani ya umio. Hudungwa katika mshipa, kisha baada ya siku mbili hivi daktari hupitisha uzi wa kioo hadi penye uvimbe na kuumulika kwa mwanga mwekundu. Mwanga huiamsha dawa, nayo hutumia oksijeni iliyopo kuzalisha sumu inayoua seli palepale. Bila mwanga, dawa hailengi chochote. Bila dawa, mwanga huo hauui saratani.

Hapa ndipo mlaji anapopata kipimo chake cha kwanza. Mwanga unaotumika katika tiba hiyo hupenya nyama ya mwili kwa takriban sentimita moja tu. Kwa hiyo taa inayowekwa juu ya tumbo haiwezi kufikia uvimbe ulio ndani kabisa ya ini, hata ikiuzwa kwa bei gani. Uvimbe wa ndani humulikwa kwa kuingiza uzi wa mwanga mwilini, kazi ya hospitali yenye wataalamu.

Katika chembe nano zenyewe, mfano uliofika mbali ni wa vijichembe vya silika vilivyofunikwa dhahabu, vilivyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Rice, Marekani. Vikimulikwa kwa mwanga wa infraredi, hupata joto na kuunguza uvimbe. Matokeo ya kundi la kwanza la wanaume 16 wenye saratani ya tezi dume yalichapishwa mwaka 2019. Yalitia moyo, lakini watu 16 ni wachache mno kuwa msingi wa kuuza tiba.

Mawimbi ya ultrasaundi hupenya ndani zaidi kuliko mwanga, na ndiyo sababu watafiti wa Japani walianza mwishoni mwa miaka ya 1980 kujaribu kuyatumia kuamsha dawa. Njia hii bado ni ya majaribio. Mashine ya kawaida ya kupimia wajawazito haifanyi kazi hiyo.

Anayepewa dawa halali ya mwanga naye ana la kuzingatia. Baada ya porfimer, ngozi na macho huweza kuungua kwa jua kwa muda usiopungua siku 30. Mafuta ya kawaida ya kuzuia jua hayasaidii. Yanayofaa ni nguo ndefu, kofia pana na miwani ya giza. Taa kali za daktari wa meno nazo ziepukwe. Hata hivyo mgonjwa asijifungie gizani, kwani mwanga hafifu wa ndani ya nyumba husaidia kuimaliza dawa iliyobaki katika ngozi.

Nchini Tanzania, dawa na vifaa tiba husajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Majaribio ya dawa kwa binadamu huhitaji pia kibali cha maadili, ambacho kitaifa hutolewa kupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Ukiambiwa upo katika utafiti, omba kuona kibali na fomu ya ridhaa kwa lugha unayoielewa. Ukitakiwa kununua dawa inayojaribiwa, au kuacha kwanza upasuaji, mionzi au tibakemikali uliyopangiwa, usitie saini wala usilipe kabla ya kuzungumza na daktari wako. Saratani haisubiri mwenye nayo amalize kujaribu taa.

Iwapo umekwisha kununua bidhaa ya namna hiyo, hifadhi stakabadhi, kifungashio na tangazo, kisha toa taarifa katika ofisi ya TMDA iliyo karibu nawe. Mweleze na daktari ulichotumia. Hakuna sababu ya kuona haya.