Kubadilisha Simu ya Mkopo Kabla ya Kumaliza Kuilipia

Ununuzi wa simu janja kwa mkopo umewawezesha wananchi wengi kumiliki kifaa ambacho wasingeweza kukilipia kwa mkupuo. Mteja hulipa kianzio, huondoka na simu, kisha hufanya marejesho kila siku, kila wiki au kila mwezi. Mara nyingi, kabla mkataba haujaisha, hutokea kishawishi: toleo jipya limeingia dukani, na muuzaji anamweleza mteja kwamba anaweza kurudisha simu aliyonayo na kuchukua iliyo bora zaidi bila kianzio. Katika somo hili tunaeleza kinacholipata deni la zamani, na mambo ambayo mtumiaji anapaswa kuyapata kwa maandishi kabla hajakubali.

Deni la zamani huenda wapi?

Kurudisha simu si lazima kuwe ndiyo kumaliza deni. Kwa kawaida muuzaji hupiga hesabu ya baki, hukata thamani aliyoipa simu iliyorudishwa, na kiasi kinachosalia hukiingiza katika mkataba mpya. Hapo hakionekani tena kama deni la zamani. Huonekana kama nyongeza ndogo tu katika marejesho ya kila siku.

Tuchukue mfano, ambao tarakimu zake ni za kufundishia tu. Fundi cherehani alichukua simu yenye bei ya taslimu ya shilingi 300,000. Alilipa kianzio cha shilingi 60,000, akakubali kulipa shilingi 1,200 kila siku kwa siku 365. Jumla ya malipo yote ni shilingi 498,000. Ifikapo siku ya 200, amekwisha kulipa shilingi 300,000, yaani bei yote ya taslimu, lakini bado anadaiwa shilingi 198,000.

Siku hiyo anashauriwa kuchukua simu yenye bei ya taslimu ya shilingi 500,000. Arudishe ya zamani, asilipe kianzio, alipe shilingi 2,700 kila siku kwa siku 365. Akizidisha, atakuta kwamba amejifunga kulipa shilingi 985,500.

Tuseme angekataa. Angelipa shilingi 1,200 kwa siku 165 zilizobaki, na simu ya kwanza ingekuwa mali yake. Kama angeiuza kwa shilingi 120,000, kisha akaendelea kuweka akiba ya shilingi 1,200 kila siku, angefikisha bei ya taslimu ya simu mpya baada ya siku 317 nyingine. Fedha ambazo zingemtoka ni takriban shilingi 578,000. Tofauti inazidi shilingi 400,000. Gharama ya uamuzi huo ni subira ya miezi 16 hivi.

Hatumkatazi mtu kubadilisha simu. Yuko ambaye kazi yake inahitaji kifaa chenye uwezo zaidi leo, si mwakani. Tunachosisitiza ni kwamba bei ya uamuzi huo ijulikane kabla ya kutia sahihi.

Rejesho kubwa na hatari ya kufungiwa simu

Simu nyingi za mkopo huwekewa programu inayoifunga simu marejesho yanapochelewa. Kwa mtu anayepokea oda na malipo ya wateja kwa simu hiyo hiyo, kufungiwa ni kusimama kwa kazi, na kazi ikisimama, fedha za rejesho la kesho hazipatikani. Kwa hiyo jiulize: je, katika wiki mbaya kuliko zote, utaweza kulipa kiwango kipya?

Kwa sababu hiyo hiyo, usiuze simu ambayo hujaimalizia deni. Ukiacha kulipa, mnunuzi atabaki na kifaa kilichofungwa. Jihadhari pia na mafundi wanaodai kuondoa loki kwa kubadilisha namba tambulishi ya simu. Tanzania, kitendo hicho ni kosa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010.

Maswali ya kumuuliza muuzaji

1. Baki la deni langu leo ni kiasi gani, na nikilimaliza kwa mkupuo nitapunguziwa kiasi gani?
2. Simu ninayorudisha imethaminiwa kwa shilingi ngapi?
3. Bei ya taslimu ya simu mpya ni ipi, na jumla ya marejesho yote ni ipi?
4. Simu itafungwa baada ya kuchelewa siku ngapi, na itafunguliwa baada ya muda gani nikishalipa?
5. Nitapewa lini uthibitisho kwamba mkataba wa kwanza umefungwa?

Majibu yote yawe kwenye karatasi au ujumbe unaoweza kuutunza. Usikabidhi simu ya zamani kabla ya kupata uthibitisho huo. Ukiikabidhi, ondoa laini yako, hamisha majina na picha, na toa akaunti zako zote. Bonyeza *#06# kwenye simu mpya na uhakikishe kwamba namba tambulishi inayoonekana ndiyo iliyoandikwa kwenye boksi na kwenye mkataba.

Usipotendewa haki

Anza kwa kuwasilisha malalamiko kwa mtoa huduma, ukiambatisha nakala ya mkataba na stakabadhi za malipo, na udai namba ya kumbukumbu. Usiporidhika, malalamiko ya huduma za mawasiliano hupelekwa kwa mamlaka ya udhibiti wa mawasiliano. Ikiwa mkopeshaji ni taasisi ya huduma ndogo za fedha, Benki Kuu ndiyo msimamizi, kwa mujibu wa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018.

Tunza kila stakabadhi hadi utakapopata barua au ujumbe wa kumaliza deni. Bila hizo, madai yako yatabaki kuwa maneno matupu.