Pima Kwanza, Lipa Baadaye

  Wadogo zangu, leo nataka tuzungumze habari ya nyumba: si kuijenga, bali kuijaza. Naona pesa nyingi za vijana wetu zinavyopotelea hapo, na inaniuma, kwa kuwa ni pesa za jasho.

Mtu amelipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, Ijumaa kapewa funguo. Jumamosi yuko kwa mafundi wa Keko anachagua makochi, Jumapili yuko sokoni Kariakoo ananunua mapazia. Jumatatu nyumba imejaa na mfuko umekauka. Kabla mwezi haujaandama, anagundua kwamba kochi limeziba njia ya jikoni, kabati halifunguki likaisha, na godoro alilonunua kwa chenji iliyobaki limeanza kubonyea katikati.

Ukiyatazama makosa ya namna hii utaona yote yana chanzo kimoja: pesa imetoka kabla ya maswali kujibiwa. Kwa hiyo kabla hujanunua kitu chochote kikubwa, jiulize matatu. Kitakaa wapi? Kitatumiwa na nani? Kimetengenezwa kwa nini?

Kitakaa wapi?

Wazee wetu wa Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar walianza na chumba. Dari za nyumba zao zilibebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti hizo hazikuweza kuvuka nafasi kubwa, vyumba vilikuwa virefu lakini vyembamba. Hawakushindana na wembamba huo. Walijenga zidaka ndani ya kuta zenyewe wakapanga vyombo humo, na sakafuni wakatandika mikeka inayokunjwa ikimaliza kazi. Kila kitu kilifuata kipimo cha chumba.

Sisi tunafanya kinyume. Tunapenda kitu dukani, halafu tunakilazimisha chumbani. Hebu tupige hesabu. Chumba chako ni futi 10 kwa 10. Umenunua kitanda cha 6 kwa 6, ambacho pamoja na fremu yake kinafika kama futi 6 na nusu. Umekisogeza hadi ukutani. Upande wa pili umeweka kabati la nguo lenye kina cha futi 2. Imebaki futi 1 na nusu tu, na hapo ndipo mlango wa kabati ufunguke na wewe usimame uchague nguo. Haiwezekani. Ungechukua kitanda cha 5 kwa 6, ungebakiwa na futi 2 na nusu, na chumba kingepumua. Au ungemwagiza fundi kabati lenye milango ya kusukuma pembeni.

Kwa hiyo nunua futi kamba, uiweke kwenye mkoba. Pima chumba, pima dirisha, na usisahau kupima mlango wa kuingilia, korido na ngazi, kwa sababu kochi lisilopita mlangoni litarudi lilikotoka na nauli ya kigari cha Kirikuu utalipa wewe. Kisha panga magazeti sakafuni kwa ukubwa wa kitu unachokitaka, uishi nayo siku mbili tatu. Pita ukiwa na ndoo ya maji, pita na mtoto mgongoni. Njia ya kupita iachie walau sentimita 80, na kati ya kochi na meza ndogo acha kama sentimita 40. Ukijikuta unayakanyaga magazeti kila saa, kochi nalo litakusumbua hivyo hivyo, ila hilo hutaweza kulikunja.

Kitatumiwa na nani?

Hapa nitasema ukweli, na naomba usinikasirikie. Wengi wetu tunapamba nyumba kwa ajili ya macho ya wageni. Sebule inameta, lakini ukiingia chumbani mwenyewe analala kwenye godoro la inchi nne lililochoka, na jikoni masufuria yamepangwa sakafuni. Mgeni anakuja mara moja kwa mwezi, anakunywa soda, anaaga. Mgongo wako unalala kwenye godoro hilo kila usiku.

Utaratibu ninaokushauri ni huu: godoro zuri kwanza na kitanda imara, halafu jiko na mahali pa kuweka vyombo, halafu mapazia ya kukupa faragha. Sebule ije mwisho, nayo ije taratibu. Mkeka wa ukindu na mito michache vinatosha kumkaribisha mtu kwa heshima zote wakati unajipanga.

Ukifika kwenye makochi, angalia maisha yako yalivyo. Una watoto wadogo? Unakaa barabara ya vumbi? Basi kitambaa cheupe kitakutesa. Chagua rangi inayostahimili, na mwambie fundi aweke zipu kwenye mito ili uivue ufue. Vitu vikubwa na vya bei, kama kochi na kabati, viwe vya rangi tulivu. Rangi kali ziweke kwenye foronya, kitambaa cha meza au zulia dogo. Ukichoka, kitenge kipya kinabadilisha sebule nzima kwa pesa ndogo, lakini kochi la zambarau huwezi kulibadilisha kila sikukuu.

Kimetengenezwa kwa nini?

Hapa ndipo wadogo zangu wengi wanapoumizwa, maana kochi likishavishwa kitambaa, huoni kilichomo ndani.

Kama unatengenezesha kwa fundi, mwambie tangu mwanzo kwamba utakuja kuiona fremu kabla haijavishwa kitambaa. Fundi mwaminifu hatakataa. Ukifika, angalia mbao: zimekauka? Mbao mbichi hupinda na kupasuka zikiwa tayari nyumbani kwako. Kuna vitundu vidogo na unga unaodondoka? Huyo ni bungua, na usimbebe kumpeleka kwako. Shika kona moja ya mbele uinyanyue kidogo. Kama fremu ni imara, mguu wa kona ya pili nao utainuka. Ikijipinda huku mguu wa pili umebaki chini, kochi hilo halitafika mbali. Sponji libonyeze kwa kiganja kisha uachie: zuri hurudi mara moja.

Wanaokaa Pwani, jihadharini na ngozi ya bandia ya bei rahisi. Joto na jasho huichosha, ikaanza kubanduka magamba, na hakuna fundi wa kuirudishia uso wake. Vyuma vya kitanda na vya viti navyo hushambuliwa na kutu kwenye hewa ya chumvi, kwa hiyo hakikisha vimepakwa rangi vizuri, hasa kwenye maungio.

Makabati ya mbao za unga uliogandamizwa yanapendeza dukani na bei yake inavutia, lakini adui yake ni maji. Kabati lililokaa moja kwa moja sakafuni hunywa maji kila unapopiga deki, likavimba chini na milango ikaacha kufunga. Ukilinunua, liwe na miguu, na uliache mbali kidogo na ukuta ili hewa ipite nyuma.

Vya mtumba sivikatazi, kwani kuna mninga wa zamani unaoshinda vipya vingi. Ila kagua mishono ya kochi na pembe za kitanda kwa tochi ya simu. Ukiona madoa madogo meusi, ondoka. Kunguni wakishaingia ndani, gharama ya kuwatoa itapita ulichookoa.

Makubaliano na fundi yaandikeni, hata kama mnajuana: aina ya mbao, sponji, kitambaa, vipimo, bei na tarehe ya kukabidhi. Toa malipo ya awali, lakini fungu la mwisho lisitoke mkononi mwako mpaka kazi imeingia ndani na umeikalia. Si kumdharau fundi. Maandishi yanawalinda nyote wawili.

Rangi, mapazia na nyumba ya watu

Rangi ya ukuta usiichague kwenye kikaratasi. Nunua kopo dogo, paka kipande cha mita moja, kitazame asubuhi, mchana na usiku taa zikiwaka. Taa nyeupe na taa ya njano hazionyeshi rangi sawa. Na kama ukuta una unyevu au unatoa chumvi, tafuta kwanza maji yanatoka wapi. Ukipaka juu ya unyevu, rangi itabanduka na utalipa mara ya pili.

Pazia lenye mikunjo mizuri huhitaji kitambaa chenye upana mara mbili ya dirisha. Dirisha la mita 1 na nusu, andaa mita 3. Wengi hununua pungufu, pazia likaning'inia kama shuka lililoanikwa, kisha wanarudi dukani na kukuta kitambaa kile kimekwisha.

Na wewe uliyepanga, nakuomba sana: usiweke dari ya jipsamu, vigae wala makabati ya kujengea ukutani kwenye nyumba ya mtu kabla ya kuandikiana na mwenye nyumba kwamba gharama itakatwa kwenye kodi. Siku ukiambiwa uhame, hivyo vyote vinabaki. Pesa yako iweke kwenye vitu vinavyopanda kwenye gari ukaondoka navyo.

Mwisho, mkopo. Fedha ya mchezo wa kupeana pesa kwa zamu ukinunulia kitanda, nakupongeza, maana ni akiba yako mwenyewe. Lakini kukopa kwa riba ili ununue seti ya sebule kwa sababu shoga yako anayo, hapana, mdogo wangu. Seti itachakaa na marejesho yatakuwa bado yanakudai. Nyumba isiyojaa si aibu, wala hakuna aliyeandika kwamba lazima ikamilike mwaka huu.

Basi wiki hii, kabla hujatoa hata shilingi moja ya samani, kaa na mwenzio au na watoto muandike orodha ya vitu ambavyo kukosekana kwavyo kunawasumbua kila siku. Anza na cha kwanza kwenye orodha hiyo, kipime, kikague, ndipo ulipe. Vingine vitasubiri, na vikija vitakuja kwa amani.