Kidukari, Adui Mdogo wa Pamba

Mwanafunzi atokaye kwa wakulima wa Mwanza au Shinyanga ajua kwamba sare, madaftari na nauli yake hutoka katika pamba. Basi yampasa kumjua kidukari, mdudu mdogo kama kichwa cha pini, ambaye wakulima wengi humwita mdudu mafuta.

Pindua jani la pamba utazame upande wa chini. Utawaona wamekaa makundi makundi, wengine manjano, wengine kijani au weusi. Kila mmoja amechoma mdomo wake ulio kama sindano, anafyonza utomvu. Utomvu huo ndio chakula ambacho majani hupeleka kwenye mizizi, maua na vitumba. Mche unapoibiwa chakula hicho, majani hujikunja, machipukizi hudumaa, na vitumba huwa vichache na vidogo. Mche mchanga ndio huumia zaidi.

Majike huzaa pasipo dume, na watoto huzaliwa hai. Penye joto, mtoto huanza kuzaa baada ya wiki moja hivi. Tuseme kila mmoja azaa watoto 20 tu: mmoja huleta 20, hao huleta 400, na hao 400 huleta 8,000. Mwezi haujaisha!

Hasara ya pili huja mwishoni. Kidukari hutoa majimaji matamu yanayonata. Juu yake huota ukungu mweusi, nao hulizuia jani lisipate mwanga. Vitumba vikipasuka wakati wa kiangazi, hakuna mvua ya kuyaosha. Majimaji huganda katika pamba nyeupe. Pamba hiyo hunata katika mitambo ya kusokota nyuzi. Aliyetumaini bei ya pamba safi hulipwa bei ya pamba fifi.

Je, tupige dawa mara tuwaonapo? Hasha. Yuko mdudu mwekundu mwenye madoa meusi. Yeye na watoto wake hula vidukari. Dawa isiyochagua humwua rafiki huyo, kisha vidukari hurudi kwa wingi. Kagua shamba kila wiki, hesabu, halafu mwulize bwana shamba. Baada ya mavuno, ng'oa masalia uyachome.

Maswali
1. Kwa nini vidukari wa mwisho wa msimu huharibu bei hata kama vitumba ni vingi?
2. Hesabu vidukari wa kizazi cha nne.

Jibu swali la kwanza nyumbani, pamoja na wazazi.